Hukumu ya Kuungwa Mfupa wa Taya kwa ajili ya Kupandikiza Meno

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Katika darsa yetu ya hapa Sigowet tumeletewa masuali mawili ambayo asili yake ni moja. Tuliona tusiyajibu kwa haraka usiku ule ule, bali turejee kwanza katika vitabu, na tuwaulize wajuzi wa utabibu, kisha tuyaandike hapa ili faida iwaenee na wale wasiohudhuria.

SUALI LA KWANZA: Limeulizwa na mzee wetu mmoja, Mkipsigis, aliyesilimu katika ujana wake na kuumaliza umri wake wa kazi katika mashamba ya chai. Alisimama akasema: "Masheikh zangu, kwa umri mimi ni mkubwa wenu, lakini kwa ilimu nyinyi ndio wazee wangu. Nilipokuwa mtoto niling'olewa meno mawili ya mbele ya chini kwa mila zetu. Magego nayo yakaoza, yakaisha moja baada ya moja. Meno ya kuvaa na kuvua hayanikai, kwani ufizi umekuwa bapa kama ubao. Mwanangu amenipeleka kwa daktari wa meno mjini, naye akasema kwamba meno ya kupandikizwa yangenifaa, lakini mfupa wa taya umekwisha kwa wembamba, na hauna budi kuongezwa kwanza. Nikamuuliza: mfupa wa nani? Akaniambia waweza kuwa wangu mwenyewe, au wa ng'ombe, au wa maiti wa watu, na kwamba juu yake hufunikwa utando, na baadhi ya tando hizo ni za nguruwe. Nilipotoka, mtu mmoja barazani akaniambia kwamba nikitiwa kitu hicho sina swala tena mpaka kufa kwangu. Basi nikaacha. Huu ni mwaka wa pili nala uji na mursik, na Kurani siisomi tena kwa sauti mbele za watu, kwani herufi zanitoka vibaya."

SUALI LA PILI: Limeulizwa na ndugu mwingine, tena kwa siri. Yeye amekwisha kuungwa mfupa na kutiwa jino yapata miaka minne sasa, wala hakuuliza ni mfupa wa nini. Je, swala zake za miaka minne zina hukumu gani? Na je, yampasa aung'oe?

JAWABU

Matibabu yenyewe yalivyo

Haifai kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Mfupa unaoshika meno huishi kwa kazi yake ya kuyashika. Jino linapong'oka, mfupa ule huanza kusinyaa, na kusinyaa huko ni kwa haraka zaidi katika miezi ya mwanzo. Katika mwaka mmoja upana wa mahali pale waweza kupungua kiasi cha nusu. Basi aliyeng'olewa meno miaka hamsini iliyopita, si ajabu taya lake likawa jembamba.

Ama meno ya kupandikizwa, asili yake ni ugunduzi wa mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark. Katika mwaka 1952 alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa chombo cha madini ya titaniamu. Alipotaka kukitoa, akakuta mfupa umekwisha kushikana nacho, hakitoki. Katika mwaka 1965 akayatumia maarifa hayo kwa mtu wa kwanza aliyepungukiwa na meno. Tangu hapo hutiwa parafujo ndogo ya titaniamu ndani ya taya, ikaachwa miezi kadhaa mpaka mfupa uishike, kisha juu yake likajengwa jino, au yakatiwa meno ya kuvaa yakakaa bila kuteleza. Lakini parafujo haisimami pasipo mfupa, kama nguzo isivyosimama katika tope. Kwa hiyo penye upungufu daktari hutia mfupa au unga wa mfupa, akaufunika kwa utando, akashona ufizi, na kungoja miezi minne, sita au zaidi. Mfupa uliotiwa huwa kama jukwaa la mwashi: mfupa wa mtu mwenyewe huupandia na kukua ndani yake.

Je, huku ni kubadili maumbile?

Wako wasemao kwamba matibabu haya ni kugeuza alivyoumba Mwenyezi Mungu, na hoja yao ni aya ya 119 ya Suratun Nisaa, iliyotaja ahadi ya Shetani ya kuwaamrisha watu kuyageuza maumbile, na pia hadithi ya Ibn Masud (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya kulaaniwa wanawake wanaochonga meno yao kutafuta uzuri.

Twasema: hoja hizo ni za kweli, lakini wameziweka pasipo mahali pake. Hadithi yenyewe imefunga laana hiyo kwa kutafuta uzuri, na Imamu Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba anayehitaji jambo hilo kwa tiba, au kwa kuondoa ila katika jino, hana ubaya. Na tunayo hadithi iliyo karibu zaidi na suala letu. Sahaba Arfaja bin Asad (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za jahilia, akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia, Mtume (S.A.W.) akamwamuru afanye pua ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Na dhahabu, kama mjuavyo, ni haramu kwa wanaume kuivaa. Mtume (S.A.W.) hakumwambia akae bila pua kwa kuwa ndiyo kadari yake, bali alimwongoza kwenye kitu kitakachomfaa. Kutokana na hadithi hiyo wanazuoni wakajuzisha hata jino la dhahabu kwa mwenye haja. Basi titaniamu, ambayo si dhahabu wala si fedha, ina nafasi kubwa zaidi ya kuruhusiwa.

Na hapa yatupasa tuseme neno juu ya nchi yetu hii. Kung'oa meno mazima ya mtoto, kama ilivyokuwa desturi ya Wakipsigis na makabila mengine jirani, wengine wakisema ni alama ya kabila na wengine wakisema ni njia ya kumnywesha mwenye pepopunda akibana mataya, huko ndiko kulikofaa kuitwa kubadili maumbile. Na mbaya kuliko hiyo, kwani ingalipo, ni kuwachimbua watoto wachanga vijino ambavyo bado havijaota, vikaitwa meno ya plastiki, na kusingiziwa kuwa ndivyo viletavyo homa na kuhara. Mtoto huumia, hutoka damu, huweza kupata maradhi na hata kufa, na meno yake ya baadaye huharibika. Ndugu zetu, msiwapeleke watoto wenu huko. Yastaajabisha kwamba mtu ananyamaza mtoto anapochimbuliwa ufizi bila ya sababu, kisha anapaza sauti mzee anapotaka kurudishiwa alichoondolewa. Kuharibu kilicho kizima na kukitengeneza kilichoharibika ni vitu viwili mbalimbali.

Mifupa inayotumika, na hukumu zake

Hii ndiyo asili ya suali, na yataka ipambanuliwe.

Kwanza: mfupa wa mtu mwenyewe. Huchukuliwa katika kidevu, au nyuma ya taya la chini, au nyongani ikiwa mahitaji ni makubwa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988 (Jumadal Ukhra 1408), imejuzisha kuhamisha kiungo kutoka mahali pamoja mwilini hadi pengine katika mwili ule ule, kwa sharti ya kuhakikisha kwamba faida itarajiwayo ni kubwa kuliko madhara. Mfupa huu ni tohara, na madaktari nao wausifu sana, isipokuwa una jeraha la pili.

Pili: vitu visivyo vya mnyama wala mtu. Wako madaktari watumiao unga wa madini ya chokaa na fosfeti uliotengenezwa viwandani, na wako watumiao matumbawe ya baharini yaliyosafishwa, kwani vitundu vyake vyafanana na vya mfupa. Ndugu zetu wa pwani, ambao mababu zao walijenga misikiti na majumba kwa matumbawe, wasistaajabu kwamba jiwe lile lile lajenga hata taya. Vitu hivi ni tohara, wala havina khitilafu.

Tatu: mfupa wa ng'ombe. Akiwa amechinjwa kisharia, mfupa wake ni tohara. Ama mingi inayouzwa yatoka nchi za mbali ambako hatujui uchinjaji wao. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mfupa wa mzoga ni najisi, na kuchomwa moto hakuutoharishi. Kwa madhehebu ya Hanafi, mfupa wa mzoga usiokuwa wa nguruwe ni tohara ukiwa hauna mafuta, kwa kuwa mfupa hauna uhai wa kuondoka kwa mauti. Na kauli hii ameikhiari pia Ibn Taymiyya. Na mfupa huu wa madaktari huondolewa nyama, mafuta na kila kilichooza, ukabaki madini matupu. Basi asiyepata kile cha kwanza wala cha pili, ana udhuru katika madhehebu yetu, na ana njia ya kufuata kauli ya Hanafi, wala asibughudhiwe.

Nne: mfupa wa maiti wa binadamu. Maiti wa binadamu ni tohara kwa kauli iliyo sahihi, lakini ana heshima yake. Abu Daud amepokea kwa Bibi Aisha (R.A.) ya kwamba Mtume (S.A.W.) amelifananisha kosa la kuvunja mfupa wa maiti na la kuvunja mfupa wa aliye hai. Majmaa tuliyoitaja imejuzisha kuchukua kiungo cha maiti pale uhai au kazi ya msingi ya mwili inapokitegemea, kwa idhini yake au ya warithi wake, na imekataza kabisa biashara ya viungo. Nasi twaona: maadamu kuna vitu vingine vya kutosha kwa jino, mfupa huu uachwe.

Tano: kitu cha nguruwe, mfupa ukiwa au utando. Uharamu wa nguruwe umetajwa katika Kurani mahali pane, na mahali pote pane Mwenyezi Mungu amemsamehe aliyelazimika. Lakini kulazimika maana yake ni kukosa kingine, nacho kingine kipo: zipo tando za ng'ombe, na zipo za kutengenezwa viwandani. Wengi huuliza mfupa wakasahau utando. Basi uliza vyote viwili.

Aliyekwisha kutiwa

Sasa twamjibu ndugu yetu wa suali la pili, na tunamwomba autulize moyo wake.

Suala hili si geni. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amelitaja katika Minhaji yake, kitabu kinachosomeshwa na masheikh wetu wa pwani mpaka leo, katika mlango wa sharti za swala. Muhtasari wake ni huu: aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa cha tohara, ana udhuru. Ama aliyekitia ilhali cha tohara kipo, yampasa kukiondoa ikiwa hahofii madhara ya dhahiri. Na akifa nacho, haondolewi, kwa kauli iliyo sahihi.

Basi tazama, ewe ndugu. Wewe hukukusudia, wala hukujua. Mfupa uliotiwa miaka minne iliyopita umekwisha kuchanganyika na taya lako, na kuutoa ni kulivunja taya. Madhara ya dhahiri zaidi ya hayo ni yapi? Haikupasi kuung'oa, bali kujivunja taya kwa ajili yake ndilo jambo usiloruhusiwa. Swala zako ni sahihi, huna la kulipa, na ukifa utaoshwa na kuzikwa kama Waislamu wenzako.

Na ili tuijue neema ya sharia hii, tukumbuke kisa kilichomo katika kitabu cha tabibu wa Kiholanzi Job van Meekeren, kilichochapishwa mwaka 1668. Asimulia juu ya mtu mmoja wa Urusi aliyevunjika fuvu, akaungwa kwa mfupa wa mbwa, na kanisa lake likamtenga kwa ajili ya mfupa ule. Na hali karibu miaka mia nne kabla yake mafakihi wetu walikuwa wamekwisha kuandika kwamba madhara ya mtu yatazamwe kwanza. Si haki sisi, tuliorithi wasaa huu, kuwafanyia ndugu zetu dhiki ambayo Mwenyezi Mungu, katika aya ya 78 ya Suratul Hajj, ameiondoa katika dini.

Ibada wakati wa matibabu

Udhu. Katika siku ya kwanza madaktari hukataza kusukutua kwa nguvu, ili damu iliyoganda juu ya jeraha isitoke. Kusukutua katika udhu ni sunna kwetu, basi uache, na udhu wako ni kamili. Msuwaki upitishe katika meno mengine, uliache jeraha. Na jino likisha kukazwa halitolewi kwa udhu wala kwa josho la janaba.

Swala. Anayeongezwa mfupa katika taya la juu, karibu na uwazi ulio kando ya pua, huambiwa asipenge wala asiinamishe kichwa kwa muda fulani. Huyo aache kupandisha maji puani, na ikiwa daktari mwaminifu amemkataza kusujudu, asujudu kwa ishara kwa kadiri awezavyo mpaka aruhusiwe.

Saumu. Kumeza damu kwa kusudi hufunguza. Kwa kuwa matibabu haya hupangiwa tarehe, yapangwe nje ya Ramadhani. Yakilazimika ndani yake, yafanywe usiku. Na asiyeweza kufunga kwa maumivu na dawa, afungue na alipe.

Nasaha juu ya gharama na usalama

Matibabu haya ni ya gharama kubwa, wala si wajibu. Asiuze mtu kishamba chake cha chai, wala asichukue mkopo wa riba, wala asiwanyime wanawe karo kwa ajili ya jino. Mwenye meno ya kuvaa yanayomkaa, yanamtosha. Ama mwenye uwezo, au mwenye mtoto anayemtendea wema kama huyu wa mzee wetu, na akubali wema huo.

Aende kwa daktari aliyesajiliwa na baraza la serikali la madaktari na madaktari wa meno, wala si kwa fundi wa sokoni. Amweleze kweli juu ya kisukari na shinikizo la damu. Na avutaye sigara ajue kwamba moshi huzuia mfupa kushika. Hiyo ni sababu nyingine ya kuacha kitu ambacho alikuwa hana haja nacho tangu hapo. Na kabla ya kutia saini, aulize mambo manne: Mfupa ni wa nini? Utando ni wa nini? Kuna badala gani iliyo tohara? Na je, nikichagua badala hiyo, kuna hatari gani? Daktari mwenye adabu hachukizwi na masuali haya, kwani majina hayo yameandikwa juu ya pakiti.

Neno kwa yule wa barazani

Abu Daud amepokea kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), aliwalaumu lawama kali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akaeleza kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza.

Ndugu zetu, mtu hahesabiwi mcha Mungu kwa kusema "haramu" upesi. Aliyeharimisha bila ilimu ni sawa na aliyehalalisha bila ilimu. Mzee huyu amekaa karibu miaka miwili hatafuni kimyet wala nyama, na ameacha kusoma Kurani mbele za watu, kwa neno moja lililosemwa na mtu asiyefungua kitabu.

Ama wewe mzee wetu, jawabu lako ni hili: rudi kwa daktari, chagua mfupa wako mwenyewe au kile kisichotoka kwa mnyama, na utando usiokuwa wa nguruwe, kisha mtegemee Mwenyezi Mungu. Na juu ya kusoma kwako: wanazuoni wa tajwidi wametaja kwamba sin, sad na zai hutoka kwa ncha ya ulimi ikielekea meno ya mbele ya chini, nayo ndiyo uliyoondolewa ukiwa mtoto. Kwa hiyo kosa si lako, na Fatiha yako kama uiwezavyo ni sahihi mbele ya Mola wako. Usingoje meno. Darsa ijayo keti mbele, usome, nasi tutasikiliza.

Wabillahi tawfiq.